Makaa ya Matundu Ishirini na Mawili

Siku ya tisa baada ya kujifungua, Sun-im alimwomba mama mkwe wake afungue dirisha.

"Kidogo tu, mama. Upana wa kidole."

Bun-nyeo alikuwa amepiga magoti sakafuni, bakuli la supu ya mwani mkononi, akimlisha kijiko baada ya kijiko. Akacheka, wala si kwa ubaya.

"Upana wa kidole! Upepo hauombi mlango, mwanangu. Unapita kwenye tundu la sindano, unajilaza mifupani, na miaka thelathini baadaye magoti yanakulilia kila mvua ikikaribia. Niulize mimi. Kula."

"Kichwa kinaniuma tangu juzi."

"Damu imekutoka nyingi. Kula mwani, irudi."

Sun-im akala. Hakuwa mtu wa ubishi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na katika miaka miwili ya ndoa hakuwa amemjibu mama mkwe wake neno la mkato hata mara moja. Bun-nyeo alimpenda kwa hilo na kwa mengine mengi, na alikuwa ameapa kwamba huyu hatazaa kwenye baridi kama alivyozaa yeye. Wakati wa vita Bun-nyeo alijifungua kwenye kibanda cha watu, sakafu imeganda kama chuma, na yule mtoto hakufika hata juma. Magoti yake hayakupona tena. Ndiyo maana, mimba ya Sun-im ilipoingia mwezi wa nane, alikoroga gundi ya unga wa ngano, akakata karatasi vipande virefu, akaziba dirisha lote pembeni, ufito kwa ufito. Mlangoni akatundika blanketi. Chumba kikawa kama yai.

Na moto ulikuwa chini yao. Pale Yeongju, mji wa Korea, watu hulala juu ya joto: jiko liko upande huu wa ukuta, na joto lake hupita kwenye mifereji chini ya mawe ya sakafu, likatokea upande wa pili kwenye dohani. Juu ya mawe ni udongo, na juu ya udongo karatasi nzito iliyopakwa mafuta, ya manjano, laini kama ngozi ya tunda. Zamani walichoma kuni. Mwaka ule, elfu moja mia tisa sabini na tatu, mji mzima ulikuwa umeshahamia kwenye makaa ya mawe yaliyosagwa na kushindiliwa, meusi, mviringo kama sufuria ndogo, yametobolewa matundu ishirini na mawili. Unaweka moja juu ya lingine, unalinganisha matundu ili moto upande, na mara mbili kwa siku unatoa la chini lililokuwa jivu na kuweka jipya juu. Ukisahau, nyumba inapoa. Wanawake walisema makaa ni kama mtoto mchanga, hayajui kama umechoka.

Kuni zina moshi. Zinakuliza machozi, unakohoa, unatoka nje. Makaa haya hayana moshi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yao, na watu wakayapenda.

Mchana wa siku hiyo ya tisa Bun-nyeo alitoka kumwaga jivu, akamkuta Fundi Pyo amesimama nje ya lango. Fundi Pyo alijenga sakafu za mtaa ule wote, mtu mfupi mwenye mikono ya udongo hata siku za sikukuu. Hakuingia. Langoni kulikuwa na kamba ya majani ya mpunga, imesokotwa kushoto, imechomekwa pilipili nyekundu: ndani kuna mtoto wa kiume, na mgeni haruhusiwi kuvuka mpaka siku ishirini na moja ziishe.

"Mama Chun-gil, hongera ya mjukuu!" akaita juu ya kamba. "Nasikia ana sura yako. Pole yake."

"Na wewe umekuja kuchungulia nini, mzee usiye na haya? Pilipili hujawahi kuziona?"

"Nimekuja kwa sababu ya sakafu. Uliniahidi mwezi wa kumi nije nifumue ile ya chumba cha kijana wako Chun-gil. Ukasema baada ya kuvundika kabichi. Kabichi zimeliwa nusu."

"Mtoto kawahi wiki mbili, nifanyeje, nimrudishe?"

Fundi Pyo hakucheka. Alikuwa anatazama dohani. Theluji ilikuwa inayeyuka, wingu limeshuka hadi kwenye mapaa, hakuna upepo hata wa kutikisa uzi.

"Angalia," akasema. "Mbingu imekaa chini leo. Siku kama hii dohani haivuti. Hewa ya jikoni ikikosa pa kutokea, inarudi chini ya sakafu kutafuta ufa. Na ile sakafu ina miaka kumi na saba. Mawe yanacheza. Nipe saa moja tu. Natia majani mabichi jikoni, yatoe moshi, tuone unatokea wapi chumbani. Palipo na moshi, ndipo pana ufa."

"Uingize moshi kwa mtoto wa siku tisa?"

"Mtoto na mama yake wahamie kwako saa hiyo moja."

"Na uvuke kamba? Mtu uliyetoka kumzika shemeji yako mwezi uliopita?" Bun-nyeo akatikisa kichwa. "Siku kumi na mbili zimebaki, Fundi. Zikiisha nitakupikia wali na samaki, ufumue nyumba nzima ukitaka. Halafu mimi nina pua. Hakuna harufu ya gesi humu."

"Pua," akasema Fundi Pyo. "Basi fungua dirisha, Mama Chun-gil. Hata kidogo."

"Na wewe pia?" akasema Bun-nyeo. "Mmepangana?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema la kufanya ufa ukiwa chini ya godoro la mzazi. Bun-nyeo alirudi ndani. Jioni ile Sun-im aliomba tena dirisha, akakataliwa tena kwa upole ule ule. Bun-nyeo alikaa naye akimkanda miguu. Kichwa chake mwenyewe kilianza kugonga, kama kilivyokuwa kikigonga kila akikaa mle kwa muda. Akitoka kwenda bombani kuchota maji, kilikuwa kinapoa. Akasema ni uzee. Mtoto naye alikuwa hanyonyi sana, analala, halii. Bun-nyeo alikuwa amewatangazia majirani juu ya ukuta kwamba hajapata kuona mtoto mtulivu namna ile.

Siku ya kumi, kulipopambazuka, alitoa kaa lililokufa, akaweka jipya, akafungua tundu la hewa la jiko ili chumba kipate moto. Wingu lilikuwa bado limelala juu ya mji. Alipoingia, Sun-im alikuwa ameketi ameegemea ukuta, macho yamefumbwa.

"Mama, nakuomba. Dirisha. Nasikia kutapika."

"Supu inachemka, ukila utatulia."

Sun-im akajiinua kutoka ukutani. Kisha akamnyanyua mtoto kwa mikono miwili. "Basi mchukue, mama. Nisije nikamtapikia."

Bun-nyeo akamchukua, akavuka ua hadi chumbani kwake, ambako moto ulikuwa mdogo na dirisha lilikuwa bovu, upepo ukiingia utakavyo. Akamwogesha kwenye beseni. Mwanzoni mtoto alikuwa mlegevu kama kitambaa. Akamkausha, akamfunga, akamweka kifuani akimwimbia, akasinzia naye kidogo. Baada ya muda mtoto akaanza kulia, kilio kikubwa, uso umekunjamana, miguu inapiga. Bun-nyeo akacheka. "Haya, kumbe una sauti! Njaa, eh? Twende kwa mama."

Alimkuta Sun-im amelala chali. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya msichana aliyetoka kucheza kwenye theluji. Bun-nyeo akafurahi kwamba hatimaye amepata usingizi, na damu imerudi usoni. Kisha akaona matapishi kwenye mto, na godoro limelowa. Akamwita. Akamtikisa. Kichwa kikaenda huku na huku.

Hapo alijua. Nani asiyejua, katika mji wa makaa? Kila majira ya baridi kulikuwa na nyumba iliyoamka imenyamaza. Alimrudisha mtoto chumbani kwake ng'ambo ya ua, akakimbilia ukutani.

"Mama Ok-ja! Mama Ok-ja! Gesi! Leta maji ya figili!"

Jirani hakuuliza mara mbili. Kila nyumba ilikuwa na mtungi wa figili zilizovundikwa kwenye maji ya chumvi, umefukiwa uani, na kila mtu alikuwa amefundishwa na mama yake kwamba maji yale ya baridi ndiyo dawa ya gesi. Mama Ok-ja alikuja mbio na bakuli, vipande vya barafu vikielea. Alipofika langoni akasimama ghafla kama aliyegonga kioo.

"Kamba! Kamba iko, siwezi kuvuka! Njoo uchukue!"

Bun-nyeo akaenda akachukua, akarudi, na alipoingia akalivuta blanketi la mlango nyuma yake, maana mzazi alikuwa amelowa jasho na nje kulikuwa na baridi. Akamkalisha, akamtia maji yale mdomoni. Yakatoka pembeni. Akamtia tena. Akaenda langoni kuchukua bakuli la pili, akarudi, akavuta blanketi. Koo la Sun-im likakoroma. "Meza, mwanangu, meza, meza kwa ajili ya mwanao." Bakuli la tatu hakulifikia. Miguu ilikataa. Akajikuta amekaa chini, kichwa kinapasuka, anashangaa kwa nini karatasi ya sakafu inacheza kama maji.

Huko nje Mama Ok-ja alikuwa anapiga kelele, na kelele zake zilimfikia Fundi Pyo aliyekuwa nyumba ya tatu, anapaka udongo. Alikuja na mwiko mkononi. Hakusimama langoni. Kamba ilikatika kifuani pake, pilipili zikamwagika.

"Mtoe nje!"

"Ana siku kumi!" Bun-nyeo akalia. "Baridi itamuua!"

"Baridi iko wapi? Baridi haijamgusa hata unywele! Kinachomuua kimo humu humu!" Akapiga dirisha kwa teke, fito na karatasi vikaenda uani. Akamshika Sun-im kwapani, akamburuta pamoja na godoro, akamlaza kwenye theluji iliyokuwa ikiyeyuka. Akarudi, akamburuta na Bun-nyeo.

Walimpeleka kwa mkokoteni, kisha kwa lori la mkaguzi wa reli, hadi hospitali iliyokuwa na pipa la kutibia waliovuta gesi. Lilikuwa pipa la chuma, refu kama jeneza la mtu mnene, lina kidirisha upande wa uso. Sun-im akalazwa ndani, wakafunga, mashine ikaanza kuunguruma. Bun-nyeo alisimama kwenye kidirisha, mtoto mgongoni, hata muuguzi mmoja akamletea kiti.

"Mnamfanya nini mle?" akauliza.

Muuguzi yule alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa shamba kwa lafudhi yake. "Mama, umewahi kubeba maji kwa mti wa begani, ndoo mbili?"

"Tangu nina miaka minane."

"Basi damu ndiyo mbebaji. Kila ukivuta pumzi anajaza ndoo hewa, anapeleka kichwani, moyoni, miguuni, anamwaga, anarudi. Sasa gesi ya makaa ikiingia, inarukia ndoo kabla ya hewa, inang'ang'ania humo, haimwagiki. Mbebaji anatembea vile vile, ndoo zimejaa, lakini nyumbani hakuna hata tone la kunywa. Humu pipani tunashindilia hewa safi kwa nguvu, mpaka ile gesi iachie."

"Alikuwa na rangi nzuri," Bun-nyeo akasema. "Mashavu mekundu."

"Ndiyo. Damu iliyoshikwa na gesi ile huwa nyekundu hivyo."

Bun-nyeo akamkaza mtoto mgongoni. Kisha akauliza, akitazama chini, "Na maji ya figili?"

Muuguzi akatikisa kichwa. "Aliyezimia hamezi, mama. Yanaingia mapafuni. Dawa ilikuwa nje ya mlango, hewa tu."

Siku ya pili Sun-im alifumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kanyonya?" Bun-nyeo alilia hata wagonjwa wengine wakalia naye. Chun-gil, mwanawe, aliyekuwa kwenye reli ya milimani akifukua theluji, alifika na buti zake na masizi yake, akapiga magoti kando ya kitanda akicheka kama mlevi. Ila yule muuguzi aliwaita pembeni.

"Furahini, lakini msifurahi mkamaliza. Ubongo uliokosa hewa muda mrefu una hila. Mtu anaamka, anakula, anaongea, mnasema kapona. Halafu ikifika wiki ya pili, ya tatu, unaanza kubomoka. Si wote. Wengine. Mwangalieni mwezi mzima. Ukipita salama, mtakuwa mmemrudisha."

"Na tufanye nini usibomoke?" Chun-gil akauliza.

"Apumzike. Mengine hatuyajui."

Wakarudi nyumbani, na Bun-nyeo akaanza kuhesabu siku kwa mara nyingine, safari hii tangu ile gesi.

Fundi Pyo alikuja kufumua sakafu. Kabla ya kufumua alitia majani mabichi jikoni, akamwita Bun-nyeo mlangoni. "Tazama tu." Moshi ukatoka kando ya ukuta, uzi mwembamba wa bluu, mahali pale pale ulipokuwa mto wa Sun-im. Alipobandua karatasi, ufa ulikuwa upana wa kijiti cha kulia wali.

"Mbona sikunusa?" Bun-nyeo akauliza. "Kila mtu anajua gesi inanuka."

"Kinachonuka ni uchafu mwingine wa makaa, salfa na nini. Udongo wenye unyevu unakunywa ile harufu. Gesi yenyewe haina harufu, haina rangi. Inapita kwenye udongo kama mwizi aliyevua viatu." Akasugua mikono. "Ningekusukuma pembeni juzi ile nikaingia. Niliona kamba, nikaogopa ulimi wako."

Mtaani walisema mkosi uliingia kwa sababu kamba ilikatwa kabla ya siku zake. Mama Ok-ja alilileta neno hilo mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama anayeleta zawadi.

"Kamba ilikatwa baada, si kabla," Bun-nyeo akamjibu. "Ulikuwepo, shoga yangu. Ulikuwa umesimama na bakuli."

Siku zikaenda vizuri. Sun-im alinyonyesha, alikunja nepi, alimtania mumewe kwa kuunguza wali. Walimpa mtoto jina, Seong-u. Siku ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. Bun-nyeo alikuwa akiamka kabla ya wote, anamwuliza Sun-im maswali ya hila: jana tulikula nini, dada yako anaishi mji gani. Sun-im alijibu yote, akacheka. "Mama, unanipima kama mtoto wa shule." Siku ya kumi na saba Bun-nyeo alithubutu kupika keki za mchele, akagawa majirani.

Siku ya kumi na tisa Sun-im aliosha mchele. Akamwaga maji, akaosha tena, akamwaga, akaosha. Bun-nyeo alimtazama kutoka ukumbini. Alingoja. Alikuwa mwanamke wa subira, na siku hiyo subira yake ilikuwa woga mtupu. Maji yalishakuwa maangavu kabisa, vidole vya Sun-im vimebabuka, na bado anaosha.

"Yametakata, mwanangu."

"Ndiyo, mama," akasema, akamwaga, akaosha.

Baada ya hapo yalienda upesi. Hatua zake zikawa fupi, za kuburuta, kama mtu anayetembea juu ya barafu. Alianza kujikojolea bila kuona haya. Alikaa saa nzima na kiatu mkononi. Hospitali wakasema ndiyo yale, wakampa vidonge, wakasema huenda akapona, kwa miaka, kidogo kidogo, huenda.

Jioni moja Chun-gil alikuwa anapasua kuni uani, kuni ambazo hawakuzihitaji. Bun-nyeo akamwendea.

"Kuna jambo sijakwambia."

"Acha, mama."

"Aliniomba nifungue dirisha. Mara tatu. Na Fundi Pyo mara moja. Nikakataa mara zote nne. Na nilipomkuta amezimia nilimfungia ndani, nikamnywesha."

Shoka likakaa kwenye gogo. Chun-gil hakugeuka. Akasema, "Ungemfungulia, angekufa?"

"Hapana."

"Angeumwa magoti."

"Pengine hata magoti asingeumwa."

Akang'oa shoka, akapasua gogo. Akapasua lingine. Bun-nyeo alisubiri matusi, angeyapokea kama maji ya kiu, lakini hayakuja, wala hayakuja kesho yake. Chun-gil alirudi relini, akawa anatuma salamu kwa mwanawe.

Kila asubuhi Bun-nyeo alimkalisha Sun-im penye jua, akamchana nywele, akamwekea mtoto mapajani, akimshikia mikono yake kwa chini asije akamwangusha.

"Huyu ni Seong-u. Sema, Seong-u."

"Seong-u."

"Mwana wa nani?"

Sun-im alimtazama mtoto kwa makini, kwa adabu, kama anavyotazamwa mtoto wa watu kwenye kituo cha treni. Mtoto alimshika kidole. Yeye akatabasamu, tabasamu lile lile la zamani, halikuwa limepungua kitu.

"Mzuri," akasema. "Mrudishie mama yake, atakuwa anamtafuta."

Bun-nyeo akampokea. Akamfunga mgongoni, akachukua koleo, akaingia jikoni, kwa kuwa muda wa kubadilisha makaa ulikuwa umefika.